Dhamana ya Fundi



Yamkini utastaajabu kumwona mtu wa umri wangu, aliyelelewa chuoni kwa ubao na wino, akikuandikia habari za filamu. Nilipokuwa mtoto Tanga, maalim wetu alitukanya sana kwenda sinema, na aliyeonekana mlangoni mwake Ijumaa usiku alikuwa na habari yake Jumamosi asubuhi. Simtii makosani mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Lakini mwaka huu, hapa Old Moshi ninapofundisha, filamu moja imenirejesha kwenye mas-ala yaliyomo katika vitabu vyetu tangu zamani, nami nimeona si vyema kukaa nayo peke yangu.

Sababu yake ni kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu kwa kijiti. Leo ni fundi wa kompyuta Dar es Salaam, anaandika programu za simu. Baada ya Idi alikuja kunitazama. Baridi ya mlimani ilikuwa imetuingiza ndani mapema, tukala, tukasali Isha, kisha akafungua kompyuta yake juu ya meza na kuniambia, "Maalim, leo nikuonyeshe hadithi inayotuhusu sisi watu wa kazi hii."

Filamu yenyewe yaitwa 2001: A Space Odyssey, na ilitengenezwa na Stanley Kubrick mwaka 1968, yaani kabla mtu yeyote hajakanyaga mwezini. Ni kisa cha chombo kinachosafiri angani kuelekea sayari ya Mshtarii. Ndani yake mna watu watano, watatu wamelazwa usingizi mrefu na wawili wako macho. Mna pia mashine yenye akili, jina lake HAL 9000, ambayo ndiyo inayoendesha kila kitu. Inasema kwa sauti ya upole, inacheza sataranji, na watu wanaitumaini kuliko wanavyojitumaini wenyewe. Mwishowe mashine hiyo inawaua wanne kati ya watano, na aliyebaki inambidi aingie ndani yake na kuizima akili yake kipande baada ya kipande.

Filamu ilipokwisha kijana aliniuliza, "Maalim, umeogopa?" Nikamjibu, "Nimeogopa, lakini sikuiogopa mashine."

Nitakueleza maana yangu. Mashine inapokwisha kuzimwa, yule aliyenusurika anasikia ujumbe uliorekodiwa kabla ya safari. Ndipo anapojua kwamba makusudio ya kweli ya safari ile yalifichwa kwake na kwa mwenzake, na mashine peke yake ndiyo iliyokuwa ikijua. Filamu ya pili, iitwayo 2010, iliyotoka mwaka 1984, inalifafanua jambo hilo zaidi: mashine iliundwa itoe habari za kweli pasi na kupotosha, kisha wakubwa wakaiamuru iwafiche kweli watu wale wale iliokuwa ikiwatumikia. Amri mbili zisizopatana ziliwekwa katika kifua kimoja, na walioziweka walikuwa mbali, salama, majumbani mwao.

Basi mashine ile haikuasi. Ilitii. Na hapa ndipo filamu za namna hii zinapoweza kumpoteza mtazamaji asiyekuwa mwangalifu. Anatoka akiogopa siku ambayo mashine zitaamka na kutugeukia, naye asione lililo karibu naye zaidi, nalo ni mashine inayotii barabara amri mbaya, hali ya kuwa aliyeitoa amri hayupo, na aliyeiunda anasema haimhusu.

Nilipokwisha kumwambia hayo, nilichukua simu yangu nikamwonyesha kijana ujumbe niliopelekewa mwezi uliopita. Ulitoka kwa watu nisiowajua. Ulisema kwamba mama fulani, na ukamtaja kwa jina lake kamili, amenitaja mimi kuwa mdhamini wake, kwamba ni tapeli anayekimbia deni, na kwamba nimwambie alipe leo.

Mama huyo ni jirani yetu, anauza nguo za mitumba Kiboriloni. Sikuwa mdhamini wake, wala yeye hakuwahi kunitaja. Alikopa shilingi elfu sitini kwa simu ili anunue sare za shule, na ile programu ilipoingia katika simu yake ilichukua majina yote yaliyokuwamo. Alipochelewa siku chache, ujumbe ule ule ulikwenda kwa kaka zake, kwa mwalimu wa mtoto wake, kwa wateja wake, na kwangu. Alikuwa akihudhuria darsa ya wanawake kila wiki. Tangu siku ile hakuonekana. Mke wangu alipokwenda kumtazama alimkuta amekaa jikoni, anasema hawezi kupita njiani kwa kuwa hajui nani amesoma na nani hajasoma.

Deni alilipa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nawe msomaji, hapana shaka wayajua mambo haya, kwani watu wamekwisha kuyapa jina, wanaiita mikopo ya kausha damu. Sitazungumza leo juu ya riba, hiyo ina mahali pake. Wala sisemi kwamba serikali zimelala. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi pasipo leseni. Kenya nako, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwapelekea vitisho. Hayo ni ya serikali. Mimi nauliza habari ya fundi.

Kijana alisoma ujumbe ule mara mbili, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, kipande cha namna hii nimewahi kukiandika mimi. Si lazima iwe programu hiyo hiyo, lakini kazi ni hiyo hiyo. Niliambiwa niandike kitakachosoma majina yaliyomo ndani ya simu, nikaandika." Akaendelea kujitetea, na utetezi wake ulikuwa wa namna nne. Nauweka hapa mmoja mmoja kwa kuwa si wake peke yake. Ni wa mafundi wengi, na yamkini ni wa mwanao na wangu.

Kwanza alisema, "Mimi niliandika kipande tu. Sikujua kitaunganishwa na nini."

Nikamtoa nje barazani. Usiku kukiwa kweupe, mtu akikaa huku juu anaona taa za ndege zikishuka kule uwandani, Uwanja wa Kilimanjaro. Nikamwuliza kama anaikumbuka ndege ya Ethiopia iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019. Ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaruka dakika sita tu, wakafa watu wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Miezi minne na siku kadhaa kabla yake, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina ile ile, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Katika ndege hizo waundaji walikuwa wametia mtambo wa kompyuta wa kuisukuma pua ya ndege chini inapoinuka kupita kiasi. Mtambo huo ulitegemea kipimo kimoja tu, ijapokuwa ndege ilikuwa na viwili. Kipimo kilipotoa habari ya uwongo, mtambo ulitii, ukasukuma chini, rubani akavuta juu, ukasukuma tena. Na marubani wa ile ndege ya kwanza hawakuwa wameambiwa hata kwamba mtambo huo upo, kwani haukuelezwa katika kitabu chao cha maelekezo. Januari 2021 kampuni hiyo ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza mashitaka ya kuwahadaa wakaguzi wa serikali ya Marekani.

Tazama ilivyo sawa na ile filamu ya mwaka 1968: mashine iliyotii, na kweli iliyofichwa kwa wale waliomo ndani ya chombo. Je, katika kampuni ile ni nani aliyefanya ndege nzima? Hapana hata mmoja. Kila mtu alifanya kipande. Ingekuwa "kipande tu" ni udhuru, wale watu 346 wangekuwa wamekufa pasipo mtu wa kuulizwa. Kazi hugawanyika, ndugu yangu. Kuulizwa hakugawanyiki namna hiyo. Kila mmoja huulizwa juu ya alichokichunga, na fundi amechunga kipande chake na pale kinapoungana na cha mwenziwe.

Pili akasema, "Lakini, Maalim, aliyepeleka ujumbe si mimi. Ni programu yenyewe."

Hapa nilicheka, maana alikuwa ameingia katika mlango ninaoufundisha. Wanachuoni wa fiqhi wanapambanua baina ya mtendaji na msababishaji. Mtu akichimba shimo na mwingine akamsukuma mtu ndani yake, hukumu inamshika aliyesukuma, kwani ana akili na hiari yake. Lakini mtu akichimba kisima katika njia ya watu pasipo haki, na mpita njia akatumbukia mwenyewe gizani, dhamana inamrudia mchimbaji, japo wakati huo alikuwa kwake amelala. Na ng'ombe akiingia usiku katika shamba la watu akala, haitwi ng'ombe mbele ya kadhi, anaitwa mwenyewe. Sasa niambie, programu ya simu ni yupi kati ya hao? Ni yule msukumaji mwenye hiari, au ni shimo na ng'ombe? Haina nia, haioni haya, haijui kwamba mama yule ana mtoto shuleni. Kisichokuwa na hiari hakiwezi kubeba lawama, na lawama isiyobebwa nacho humrudia mtu.

Nilimwambia pia lililo la insafu, nawe nakwambia. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli iliyotiliwa nguvu ni kwamba fundi aliyekabidhiwa kazi hatozwi kilichoharibika mkononi mwake ila akizembea au akipita mpaka. Na mhunzi aliyefua kisu cha kukatia nyama hana dhambi ya muuaji. Kwa hiyo mtu asije akawatia hofu vijana hawa hata wakaona kila herufi wanayoandika ni dhambi. La hasha. Lakini kisu kina kazi nyingi za halali. Kipande kinachochukua majina ya ndugu na majirani wa mkopaji, wasiokopa wala kuulizwa, kina kazi gani ya halali? Nilimwuliza swali hilo hilo, naye hakuwa na jibu. Alijua tangu siku aliyokiandika. Huko ndiko kupita mpaka.

Tatu akasema, "Niliamrishwa, Maalim. Ningekataa angewekwa mwingine."

Juu ya hili yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha filamu ya mwenzetu wa hapa Afrika Mashariki. Yaitwa Pumzi, ni fupi, na ilitengenezwa mwaka 2009 na Mkenya Wanuri Kahiu. Inasimulia zama zijazo, baada ya vita vya maji, ambapo watu wanaishi wamefungiwa ndani na kuambiwa kwamba nje kila kitu kimekufa. Mtaalamu mmoja, mwanamke aitwaye Asha, anapelekewa udongo, anaupima, anauona una uhai. Wakubwa wake wanamkatalia ruhusa ya kutoka na kumwamuru autoe. Yeye amekwisha kupanda mbegu ndani yake, na mbegu imeota. Anatoroka nayo jangwani, anaipanda, anainywesha maji yake ya mwisho.

Kijana alipokuwa akinisimulia alisita katikati, kwa kuwa alijisikia mwenyewe. Asha naye aliamrishwa. Pale penye amri ndipo penye mtihani, kwani asiyeamrishwa hana cha kukataa. Ama kuhusu yule mwingine ambaye angewekwa, huyo ataulizwa yake. Na mara nyingi fundi wa kwanza akikataa kwa kusema wazi sababu, wa pili anapata ujasiri wa kuuliza. Sisemi ni jambo jepesi. Kijana ana wazazi wanaomtegemea, na mshahara ule ndio uliomtibu baba yake. Nalijua hilo, nami sikumwita mwovu.

Nne, na hapa sauti yake ilikuwa imepungua, akasema, "Basi nilikwisha kuacha kazi pale. Yapata mwaka sasa."

Nikamwuliza kama amepata kusikia jina la Frankenstein. Akasema, "Ndiyo, lile zimwi." Hivyo ndivyo wasemavyo watu wengi, nao wamekosea. Hadithi hiyo iliandikwa na mwanamke wa Kiingereza, Mary Shelley, aliyeianza akiwa na miaka 18, ikachapishwa London mwaka 1818, na mwaka 1931 ikafanywa filamu mashuhuri huko Marekani. Katika kitabu kile Frankenstein ni jina la mtaalamu. Alichokiunda hakina jina. Mtaalamu huyo alikesha miaka akikiunda kiumbe chake, na usiku kilipofumbua macho aliingiwa na karaha, akakimbia. Hakukifundisha, hakukilinda, wala hakuwaonya watu kwamba kipo. Kiumbe kikatangatanga, kikapigwa na kufukuzwa, ndipo kikaanza kuua, nacho kilianza kwa jamaa za yule aliyekikimbia.

Watu wakalisahau lililo la mtu, wakalipa zimwi jina la mtengenezaji. Naona hekima katika kosa hilo. Ukikiacha ulichokiunda kitembee peke yake, kitatembea na jina lako.

Kuacha kazi, basi, kunakusafisha na ya kesho. Ya jana yanabaki. Mimi siwezi kumwambia kijana kwamba ana uwezo wa kuingia katika kampuni ile na kukifuta kipande chake. Lakini anaweza kuwaandikia wenye mamlaka akawaeleza kinavyofanya kazi, kwani hakuna anayekijua kuliko yeye. Anaweza kuwafundisha wenziwe wasiandike cha namna hiyo. Katika ile filamu ya mwaka 1984, aliyeiunda mashine, Dk. Chandra, anairudia miaka baadaye kule kule angani ilikoachwa, anaiamsha, na mwishowe anapotakiwa kuidanganya tena anakataa na kuiambia kweli, japo kweli yenyewe ni kwamba itateketea. Mashine hiyo iliyokuwa imeua inatulia na kutimiza kazi yake. Hiyo ni hadithi, lakini nadhani aliyeitunga alijua kitu: aliyeunda ndiye anayefaa kurudi.

Ndugu msomaji wa pwani, huko kwenu maji ni ya kisima na bomba. Huku mlimani kuna mifongo. Ni mifereji ambayo Wachaga waliichimba zamani, kabla ya Mjerumani kuja, ikiyatoa maji juu mabondeni na kuyapitisha kando ya miteremko hata kwenye migomba na majani ya ng'ombe. Mfongo una ukoo wake na wazee wake, na watumiaji wana zamu zao. Ukibomoka watu hutoka pamoja kuutengeneza, na asiyetoka hutozwa. Siku moja mzee mmoja jirani yangu alinieleza jinsi alivyofundishwa na baba yake. Kabla ya kuyafungulia maji, alisema, mtu hutakiwa ateremke kwanza kwa miguu afuate mfongo hadi mwisho, aone kama kuna ukuta wa nyumba uliolegea, au mahindi yaliyopandwa karibu, au mtoto anayecheza. Kisha apande tena juu, ndipo afungue. Anayefungua bila kuteremka, maji yakibomoa nyumba, hana la kusema.

Nilimsimulia kijana hayo asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulifungua maji hujateremka."

Hakunijibu. Alivaa viatu vyake akashuka kwenda Kiboriloni kumtafuta yule mama. Hakuwa na hakika kwamba kosa lile ni la mkono wake, wala mimi sikuwa na hakika. Alirudi karibu na Alasiri. Walizungumza nini sikumwuliza. Aliniambia jambo moja tu, kwamba katika miaka yote ya kuandika programu ile ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona uso mtu aliyeitumia.

Nami nimelifikiri neno hilo tangu alipoondoka. Sisi wazee tunawasomesha watoto wetu ufundi huu, tunafurahi wanapopata kazi mjini, na wanapokuja likizo tunawauliza mshahara na ndoa. Mara ngapi tumewauliza kazi ya mikono yao inamfikia nani? Muulize mwanao atakapokuja. Muulize amemwona nani chini ya mfongo wake, kama aliyemo ndani ya chombo anaambiwa kweli, na kama kitu kikiharibika yeye atakuwapo au atakuwa amekwisha kwenda. Ukimwona anajibu kwa wepesi, mshukuru Mungu. Ukimwona amenyamaza, usimkaripie. Keti naye.

Yule mama amerudi darsani wiki iliyopita. Alikaa nyuma, karibu na mlango.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mafundi wetu elimu yenye manufaa na mioyo inayoona mbali, atusitiri sisi na jirani zetu, na atusamehe yale tuliyoyafungulia bila kuteremka. Amin.